Msomaji Hashiki Kalamu

Historia ya marehemu ilikuwa karatasi mbili zilizopigwa chapa, na mtoto wa kiume wa Mama Nzunda alinikabidhi asubuhi ya mazishi, nje ya nyumba ileile ya Isansa ambayo nilikuwa nimeifikia mara moja tu, miaka mingi nyuma. "Kaka, familia imekaa, tumeona usome wewe. Mama alikuwa anakutaja sana." Nilizipokea kwa mikono miwili, kisha nikaenda nyuma ya kichanja cha kahawa kuzisoma peke yangu, kwa sababu siwezi kusoma kitu mbele ya watu kabla sijakisoma mara nne na kujua nitavuta pumzi wapi na jina gani litanikwama. Kwenye karatasi ya pili, katikati, waliandika: "Katika kazi yake ya kusoma foleni pale Tunduma, marehemu hakuwahi kulalamikiwa na mtu yeyote." Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye kalamu kabla sijaamua lolote. Sentensi ile haikuwa kweli. Katika watu wote waliokuwa wakikusanyika chini ya turubai siku ile, walioijua kuwa si kweli hawakuzidi watatu, na mmoja wao, yaani mimi, ndiye aliyeifanya isiwe kweli.

Mwaka ninaoukumbuka, Songwe haikuwa mkoa bado. Barua zetu zote ziliandikwa Mbeya, hata zile zilizoandikwa hatua chache kutoka Zambia. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya kompyuta ambayo kwa mwaka mzima haikunipatia chochote zaidi ya swali moja la watu: "Kwa hiyo unaweza kutengeneza redio?" Ndipo mzee mmoja wa Tanga, tuliyemwita Alhaji, akanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Alikuwa na yadi ya kuegesha malori Tunduma, kando ya barabara ya Mbeya. Malori yaliyoelekea Zambia na Kongo yalilala pale siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki, yakisubiri karatasi zao zikamilike na zamu yao ya kwenda getini ifike. Zamu ndiyo iliyokuwa kila kitu. Dereva angeweza kuvumilia vumbi, baridi ya asubuhi na choo kisicho na mlango, lakini si mtu kuvuka kabla yake. Alhaji alitaka foleni iingie kwenye kompyuta. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza, kisha nikakaa siku tatu chumbani nikijiuliza kama nilikubali upesi mno na kama atadhani nina njaa. Nilikuwa na njaa kweli.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa kwa mbao nyembamba, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na siri. Upande wangu kulikuwa na kompyuta yenye kioo kinene kama sanduku, printa iliyopiga kelele kila ikichapa mstari, na meza iliyonuka dizeli hata ukiifuta kwa sabuni. Juu ya kompyuta Mama Nzunda aliweka kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe chenye ua la bluu, na hakuna asubuhi aliyokitoa bila kukikunja mara nne. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa foleni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye Kiswahili kilichopanda na kushuka kama Kinyiha chake, na alikuwa na mashamba yake ya kahawa na mahindi Isansa, huko Mbozi, ambako alirudi kila mwisho wa wiki. Saa mbili kila asubuhi alipanda kwenye jukwaa la zege lililobaki pale mzani wa zamani ulipong'olewa, madereva wakamzunguka na vikombe vyao vya chai, akasoma majina yote yanayosubiri, la kwanza hadi la mwisho. Kila mtu alisikia yuko wapi na nani yuko mbele yake. Wale wa juu waliosomwa ndio waliokwenda getini siku hiyo.

Kabla ya kusoma alifanya jambo moja. Alichomoa kalamu aliyokuwa ameichomeka kwenye kilemba na kumpa dereva aliyesimama karibu. "Nishikie, baba." Dereva aliiinua juu kama mshumaa na wenzake wakaanza kumtania. "Leo umekuwa karani!" "Andika basi na wewe tuone kama shule ulifika!" Mama alisoma kwa kidole, mikono mitupu, hadi mstari wa mwisho. Akashuka, akadai kalamu yake, akaenda kuketi, na hapo ndipo alipokata majina ya waliovuka. Nilimwangalia wiki mbili nzima nikiandika kila hatua kwenye daftari langu: nani anaingiza jina, jina linakaa wapi, linatoka lini. Nina daftari hilo hadi leo. Nimeandika hata rangi ya kikombe chake. Kalamu sikuiandika. Niliihesabu kuwa mbwembwe ya mama mtu mzima.

Programu yangu ilikuwa na orodha ya malori na kitanzi kimoja cha kuipita, na nilijivunia kitanzi hicho kwa namna ambayo sasa inaniaibisha. Kilianza na lori la kwanza na kwenda mpaka la mwisho. Kila lilipofikiwa liliulizwa: umevuka? Likiwa limevuka, programu ililitoa kwenye orodha palepale. Likiwa halijavuka, ililichapa. Kusoma na kufuta kwa safari moja. Nilikuwa nimelala na wasiwasi kwamba kuipita orodha mara mbili kutaichosha mashine. Orodha yenyewe haikufikisha malori hamsini. Niliijaribu na malori mawili yaliyovuka, ikatoka sawa. Nikajaribu na manne, sawa. Mtu anayehofia kila kitu, anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, akajaribu na mawili na manne na kwenda kulala.

Mama Nzunda alijifunza kuingiza majina kwa vidole viwili na kuchapa karatasi ya kusomea. Daftari la zamani likawekwa kabatini. Kalamu aliendelea kumpa dereva, ingawa kwenye karatasi iliyochapwa hakukuwa tena na cha kukata, nami nikacheka moyoni.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, alimaliza kusoma na dereva mmoja Mzambia akabaki amesimama. Tulimwita Ba Chanda, mtu wa Kitwe, mpole, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. "Mama, mukwai," alisema kwa adabu ya kwao, "mimi hukunisoma."

"Chanda? Nimesoma kama ilivyo." Akapitisha kidole kwenye karatasi, mara moja, mara mbili. "Kweli, baba, humu haumo. Vumilia kesho. Nitaangalia."

Alhamisi hakusomwa tena. Safari hii waliosimama walikuwa wengi, na aliyekuja mbele ni Side, dereva wa Tanga mwenye sauti ya kuuza samaki mnadani. "Mara moja bahati mbaya," alisema. "Mara mbili biashara. Aliyevuka jana kwenye nafasi ya huyu Mzambia ni nani? Si yule wa Mbozi? Si wa kwao mama?"

"Awe, awe," Ba Chanda alikataa akitikisa mikono. "Mama haiko mwizi."

"Wewe nyamaza, umerukwa hata hujui kama umerukwa."

Alhaji alitoka na kanzu yake na koti la sufu juu, akaingia chumbani kwangu, Mama Nzunda nyuma yake, vichwa vya madereva vimejaa dirishani. Nilimfungulia orodha kwenye kioo. Jina la Chanda lilikuwemo, palepale juu. Alhaji akaangalia kioo, akaangalia karatasi, akanigeukia. "Kijana, hebu nambie. Mashine yako yaweza kumruka mtu?"

"Haiwezi, Alhaji."

Nimelirudia jibu hilo maelfu ya mara. Halikuwa uongo nilioupanga. Sikujua. Lakini mimi ambaye sikuwahi kujibu hata "umekula?" bila kufikiri, nilijibu hilo kabla hajafunga mdomo, kwa sababu lilikuwa swali juu yangu na kulikuwa na mwezi wa kwanza tu nyuma yangu. Alhaji akaitikia kwa kichwa. "Basi. Mashine haina ndugu. Watu ndio wenye ndugu. Mama Nzunda, nenda nyumbani upumzike, nami nitafikiri."

Mama alinitazama mimi, hakumtazama Alhaji. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. "Kama haiwezi, haiwezi," alisema. Akaweka ufunguo wa kabati mezani, akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake ingawa nilikuwa bado naitumia, akatoka kupitia katikati ya madereva, ambao walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa nikasoma mimi. Nilipanda jukwaani na kalamu mfukoni mwa shati. Jina la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la Chanda. Sikuelewa, lakini wao walielewa papo hapo. Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mahindi: "Mmeona? Mama hayupo, Mzambia yupo." Ba Chanda hakushangilia. Alichukua karatasi zake na kwenda kuwasha lori, akipita karibu nami bila salamu. Nilisoma hadi mwisho, nikakunja karatasi, na nyuma ikaja ile sauti ya mnadani. "Oya, Injinia! Na mimi je? Mbona hujanisoma?"

Kilikuwa kicheko cha yadi nzima. "Side, masikio yako yamelala kwenye kabini!" "Msamehe mgeni, karuka mstari!" "Injinia kazoea kusoma Kizungu!" Side naye akacheka, akanipiga begani, akasema nitazoea. Nikacheka nao. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya ofisi ndipo kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimesamehewa kwa kelele na mzaha kosa lilelile ambalo jana yake lilimpeleka mtu nyumbani. Nikaifungua karatasi. Sikuwa nimeruka mstari. Jina la Side halikuwemo.

Mchana nilikwenda kwa mama ntilie wa nyuma ya yadi, nikaagiza ugali na dagaa wa kapenta, na badala ya kula nikakusanya vifuniko vya soda vilivyotupwa chini na kuvipanga mezani kwa mstari. Vifuniko vitatu nilivigeuza: hao ndio waliovuka. Cha nne kikawa Chanda, na baada yake wengine. Nikaweka kidole nafasi ya kwanza: kavuka, mtoe. Nilipokitoa, wote waliobaki wakasogea mbele nafasi moja, kama foleni yoyote inavyofanya. Lakini kidole changu nacho kikasogea, kwenda nafasi ya pili, kama nilivyokiamuru. Aliyekuwa wa pili sasa amekaa ya kwanza, na kidole kimempita bila kumgusa. Nafasi ya pili sasa yumo yule wa tatu: kavuka, mtoe. Wakasogea tena, kidole kikasogea tena, na Chanda akapita chini ya kidole changu bila kuulizwa wala kuchapwa. Wala hakuwa ametoka kwenye orodha, ndiyo maana kioo kilimwonyesha. Kesho yake yule mmoja aliyevuka na kusahaulika mbele yake angemfanya arukwe tena, na keshokutwa angeibuka wa kwanza kana kwamba hakuna lililotokea. Niligeuza vifuniko viwili badala ya vitatu. Hakuna aliyerukwa. Vinne, hakuna. Kila waliofuatana kuvuka walipokuwa idadi ya witiri, aliyesimama nyuma yao alipotea kwa siku. Na mimi nilijaribu na mawili, kisha manne. Mama ntilie alisimama juu yangu na sufuria. "Kaka, unakula au unacheza bao?" Kapenta walikuwa wamepoa na kutoa mafuta meupe.

Jumamosi nilipaswa kusema na sikusema. Niliandika barua kwa Alhaji, nikaichana kwa sababu ilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu kama ya mtu anayejificha, nikaandika nyingine, nikaichana kwa sababu ilikuwa fupi kama ya mtu mwenye kiburi. Kupitia zile mbao nyembamba nilisikia Side na wenzake wakinywa chai barazani. "Na mlokole vile! Jumapili yupo mbele kwenye kwaya." "Ndio haohao, ndugu yangu." Na upande wa pili Alhaji kwenye simu: "Awe hapa Jumatatu saa mbili, nimempa nafasi ya yule mama." Nilijihesabia: nikisema, napoteza kazi, narudi kuulizwa kuhusu redio. Nisiposema, Jumatatu saa mbili mtu mwingine anapanda jukwaani na jina la Mama Nzunda linabaki hivyo daima, kwa sababu madereva hubeba habari mbali kuliko mizigo yao. Ningeweza kurekebisha kitanzi kimyakimya na hakuna ambaye angejua. Nilikirekebisha, kwa kweli. Ilichukua dakika kumi. Nikaketi nikiangalia programu iliyo sawa, nikijisikia kama mtu aliyefua shati la maiti.

Jumapili baada ya ibada nilishuka barabara kuu, nikapanda pikapu iliyobeba mbolea hadi Isansa. Alikuwa kwenye kichanja akichambua kahawa, na aliponiona alisema kwa sauti ya kusikika ndani ya nyumba, "Huyu ni mwenzangu wa kazini, kaja kuona kahawa zetu." Binti yake akaleta viazi vitamu na chai ya maziwa, akaniuliza kama Tunduma kuna baridi, akasema ni vizuri mama amepewa likizo, alichoka. Nikaitikia kila kitu. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwaambia. Binti alipoingia ndani nilianza kujieleza, nikianzia mbali, chuo, majaribio ya miezi mitatu, hadi akanikata. "Mwanangu, viazi vinapoa. Sema."

Nikapanga kahawa kavu kwenye mkeka, punje kwa punje, na kufanya kama nilivyofanya kwa vifuniko. Alikifuata kidole changu kwa macho hadi punje ya nne iliporukwa. Kisha akacheka kidogo, si kwa furaha.

"Ulikuwa unasoma huku unafuta."

"Ndiyo, mama."

"Unafikiri kalamu naitoa kwa nini?"

Nikabahatisha kwamba ni ili madereva wamwamini, waone hafuti jina la mtu.

"Hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni jicho." Akachukua punje moja akaizungusha. Kabla yake, alisema, palikuwa na msomaji mwingine, mwanamume, aliyesoma na kukata kwa pamoja ili amalize upesi. Mkono unakata hapa, jicho linarudi mstari mwingine, mtu katikati anapotea. Wakasema anauza nafasi. Wakamfukuza. "Daftari nikapewa mimi. Wiki ya kwanza nikaruka watu wawili, na sikula kitu cha mtu. Nikakaa hapahapa, nikajaribu kwa maharage, nikaona. Tangu siku hiyo anayesoma hashiki kalamu. Anayekata anakata baadaye, ametulia."

"Na yule bwana?"

"Alivuka mpaka, alikwenda kuishi Nakonde. Nikasema nitamtafuta nimwambie Alhaji mbele yake. Nikasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nikasikia amehama." Akarudisha punje kwenye kichanja. Nilimwomba msamaha. Akaupokea kwa kichwa kama mtu anayepokea ndoo. "Lakini hujaniletea habari," alisema. "Mimi nilijua sikumruka. Habari hiyo wapelekee wasiojua. Na usiseme wiki ijayo."

Jumatatu saa mbili mtu mpya alikuwa pale, amevaa tai. Nilimwomba Alhaji dakika moja, akadhani nataka kumtambulisha, akanipisha. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye vifuniko mfukoni, nikaviona vidogo mno kwa umati ule. Nikasema tu: "Mama Nzunda hakumruka Chanda. Programu yangu ndiyo iliyomruka. Ilikuwa inasoma huku imeshika kalamu. Na Ijumaa ilimruka Side. Alhaji aliponiuliza kama yawezekana, nilisema haiwezi. Nilisema bila kujua."

Sikuwa na haja ya vifuniko. Wote walikuwa wameshika kalamu ile kwa zamu. Side akavua kofia na kuikunja. "Kwa hiyo mama wa watu..." Mwingine nyuma akasema, "Na ulicheka Ijumaa," nami sijui alikuwa anamwambia Side au mimi. Alhaji hakuinua sauti. "Mimi nilikuuliza wewe," aliniambia, "kwa kuwa ndiye uliyesoma." Akamwomba radhi mtu wa tai, akampa dereva wake funguo za pikapu aende Isansa, na kuhusu mimi akasema ataamua mama.

Mama Nzunda aliamua kwa namna yake. Alirudi Jumanne, akatoa daftari kabatini, akapanda jukwaani, akachomoa kalamu. Side alikuwa amejisogeza karibu kuliko wote, mkono ameshaunyosha. Mama alimpita, akanipa mimi. "Nishikie, baba." Niliishika kusoma kote kule na mkono ukafa ganzi. Baadaye akanikuta mezani. "Foleni itabaki kwenye daftari mpaka mashine ijifunze. Mfundishe."

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule niliipitisha nikiifundisha, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi yangu niliyajua hapo. Niliifunga orodha ndani ya klasi moja, yaani kasha la programu lenye kanuni zake, niliyoiita Foleni, na Foleni haikumpa mtu yeyote orodha yake mkononi. Ukitaka kuisoma, inakupa Msomaji, kitu kidogo ambacho vitabu vyetu hukiita iterata, ambacho kazi yake ni kukumbuka kidole kimefika wapi. Lugha niliyoandikia ilidai kila Msomaji awe na majibu ya mambo matatu: je, yupo mwingine? nipe anayefuata, na, mwondoe huyu. La tatu huwezi kuliacha wazi hata kama hulitaki. Lazima uliandike, na kinachoandikwa ndani yake ni kukataa. Nilitafakari siku kadhaa jinsi ya kukataa. Mwishowe niliandika kwamba mtu akijaribu kufuta kupitia Msomaji, programu isimame na kuonyesha maneno haya: msomaji hashiki kalamu. Kufuta nikakuweka mahali pengine, kwa mlango wake, baada ya kusoma kwisha.

Kisha nikaanza kuhangaika. Msomaji hawezi kuifuta foleni, lakini je, lori analokupa mkononi unaweza kulibadilisha jina? Unaweza. Nikalazimika kumfanya atoe nakala, si lori lenyewe. Je, lori jipya likiandikishwa mtu akiwa katikati ya kusoma? Hilo lilinikosesha raha wiki nzima, hadi nikamuuliza Mama Nzunda. Alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha. "Naanza upya," alisema. "Foleni iliyoguswa katikati siiamini." Nikaipa Foleni namba inayoongezeka kila inapoguswa. Msomaji huikariri namba hiyo anapoanza, na akiikuta imebadilika anagoma kuendelea. Nilipomwonyesha akatafuna kwanza. "Sasa imeanza kuwa na adabu."

Miezi mingi baadaye, nikiwa na haraka, nilijaribu kufuta jina wakati wa kusoma, na maneno yangu mwenyewe yakajitokeza kwenye kioo kunikatalia. Mama Nzunda alikuwa nyuma yangu. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, akakunja kitambaa chake mara nne na kutoka.

Nyuma ya kichanja, siku ya mazishi, nilikaa na kalamu imefunguliwa juu ya ile sentensi. Nilitaka kuandika kwamba alilalamikiwa, siku nne, na kwamba haikuwa haki, na ni nani aliyekosea. Nilifikiri ukweli unanidai hivyo. Kisha nikamkumbuka akipaza sauti ili ndani wasikie: kaja kuona kahawa zetu. Alikuwa amechagua watoto wake wasilijue jambo hilo, na waliandika walichokijua. Mimi niliombwa kusoma.

Waliponiita nilikwenda mbele. Mstari wa kwanza chini ya turubai alikuwa ameketi mzee mrefu, kofia magotini, ambaye sikumtambua hadi alipokohoa, na hata kikohozi chake kilikuwa cha mnadani. Nilichomoa kalamu mfukoni nikamnyooshea. Side aliiangalia, akanitazama, akaipokea. Akaiinua juu, na hakuna aliyemtania. Nikasoma kwa kidole, jina kwa jina, mstari kwa mstari, na nilipofika pale nilisoma kama ilivyoandikwa: hakuwahi kulalamikiwa na mtu yeyote. Mkono wa Side haukushuka hadi nilipofika mwisho.